Utafiti wa Miriam Utasomwa Asubuhi

Jumamosi, 6 Januari. Philadelphia

Wamenichagua! Mimi, Tak Sun-ae, mtoto wa duka la dobi la Flushing — rais wa Umoja wa Wanauchumi Wakorea wa Marekani. Mwaka mmoja, hadi mkutano mkuu wa Januari ijayo kule Atlanta. Nje theluji imerundikana, upepo unakata masikio, ndege haziruki. Hata waliozoea kutoroka kabla ya kura walinaswa hotelini. Pengine ndiyo siri ya ushindi wangu.

Makamu wangu ni Kaka Bang. Bang Kyu-tae — sote wawili tulifundishwa na Profesa Pyo, yeye akinitangulia, na hadi leo ananiita "mdogo wangu" hata mbele ya wakuu wa vitivo. Kanimiminia pombe ya soju kwa mikono miwili, kwa kejeli, kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Akasema rais ana kazi mbili tu: kuchagua mkahawa wa chakula cha jioni na kutomuudhi mzee. Nikishindwa la kwanza, anasema, watanisamehe.

Mzee ni Profesa Pyo mwenyewe, mwasisi wetu. Baridi imemzuia kuja. Kiti chake safu ya mbele kilibaki kitupu, na kila aliyepita alikiinamia. Na mimi nikainama. Kukiinamia kiti!

Basi naandika hapa ili nisijidanganye baadaye. Umoja huu usiendelee kuwa klabu ya kula nyama choma. Vijana wanatukimbia, na sioni kwa nini wasitukimbie. Mwaka huu tafiti nzuri zisomwe asubuhi, ukumbi mkubwa, watu wakiwa bado macho. Anayetaka kusinzia ana chumba chake.

Alhamisi, 8 Februari. Columbus

Tafiti zimeanza kuingia. Nyingi za kawaida. Moja si ya kawaida.

Mwandishi ni Miriam Gil. Anafundisha Indiana, bado hajapewa kazi ya kudumu. Nimewahi kumwona mara moja tu, mwembamba, anaongea haraka kama anayekimbizwa. Ameandika juu ya maduka ya Wakorea ya miaka ya sabini na themanini: magenge ya matunda, madobi, maduka ya wigi.

Hapo ni shamba la Mwalimu Pyo. Kitabu chake kinasema maduka yale yalisimama kwa nguvu ya kye, ule upatu wetu: watu wanachanga kila mwezi, kila mwezi mmoja anaondoka na fungu zima, anafungua duka. Kitabu hicho ndicho kilichotufanya tuonekane nchi hii. Wanauchumi tumekinukuu, wachungaji wamekihubiri, wabunge wamekisoma kwenye kampeni.

Miriam amerudi kwenye takwimu zile zile za Mwalimu, akaziunganisha na za sensa. Anachoona ni hiki: wenye upatu na wasio na upatu walidumu sawasawa. Kilichotenganisha duka lililoishi na lililokufa ni wanawake na mabinti waliokuwa humo ndani, wakifanya kazi bila mshahara. Mke. Mama mkwe. Dada mtu.

Nimeusoma mara mbili, mara ya pili nimesimama jikoni huku wali unaungua. Nimetafuta kosa. Nimelitafuta kwa dhati kabisa, nikitamani liwepo. Sijaliona.

Ijumaa, 16 Februari

Mwaka mpya wa Kikorea. Nimepika supu ya vipande vya keki ya mchele peke yangu, na kwa kuwa kila bakuli husemwa huongeza mwaka mmoja, nikala mawili ili nizeeke haraka na kuheshimiwa.

Kaka Bang kapiga simu, nikadhani ni salamu za sikukuu. Salamu zilikwisha upesi.

"Umeisoma kazi ya yule binti?"

"Nimeisoma. Ni nzuri."

"Ndiyo taabu yenyewe! Ingekuwa mbovu tungeiweka asubuhi, mzee angeichana mbele ya watu, tungecheka, tungekwenda kula."

"Sasa unashauri nini, Kaka?"

"Tusubiri. Miaka miwili, mitatu. Kuna haraka gani? Maduka yenyewe yameshafungwa."

"Tusubiri nini hasa?"

Nikamsikia mkewe akiita watu mezani.

"Usinilazimishe niseme, mdogo wangu," akasema.

Alikuwa na maana kwamba tusubiri mzee afe. Na alikuwa anasema kwa upendo. Hilo ndilo linalonichanganya.

Jumatano, 14 Machi

Mkutano wa simu wa kamati ya ratiba. Watu wanne na mimi. Kaka Bang alikuja amejiandaa: kazi ya Miriam isikataliwe, la hasha, sisi si washenzi! Iwekwe kwenye bango, ukutani, kwenye korido.

"Korido ipi?" nikauliza.

"Ile ya kuelekea vyoo. Watu wengi hupita."

Mmoja akacheka kisha akakohoa kuficha. Kura zikapigwa: wawili bango, wawili ukumbini. Wakaningoja mimi.

Nikasema: ukumbi mkubwa, asubuhi, na nitakiongoza kikao mwenyewe. Mbwa wa mtu akabweka kwenye simu. Halafu Kaka Bang akaniuliza, polepole, ni mwehu gani atakubali kuwa mchambuzi — maana kila utafiti lazima uwe na mtu wa kuujadili hadharani.

"Profesa Pyo," nikasema.

Ikawa vurugu. Mmoja eti namchimbia mzee kaburi na kumkabidhi sepetu. Lakini nimeliwaza hili wiki nzima. Kumsema mtu hayupo, huko ndiko kumdharau. Aje, asikie, ajibu. Ana kichwa kuliko sisi sote.

Kaka Bang alipokata simu aliniita "Mheshimiwa Rais". Si mdogo wake tena.

Jumapili, 22 Aprili

Wazee wawili wamejitoa kwenye baraza la washauri la Umoja. Mmoja kaandika eti afya. Nimemwona pichani anacheza gofu.

Sirudi nyuma.

Jumanne, 15 Mei. Fort Lee

Siku ya Walimu ya Kikorea. Nimechukua ndege asubuhi, nikanunua maua ya karnesheni na kapu la pea, nikaenda kwa Mwalimu. Anaishi peke yake tangu mkewe afariki. Ghorofani, dirisha linatazama daraja. Nikakuta mezani shada kubwa kama la harusi, kadi ya Kaka Bang juu yake. Kaka Bang alikwisha kufika kabla yangu! Kwa hiyo alikwisha kusema kila kitu.

Mwalimu kapungua sana. Shati limemwia kubwa shingoni. Ila macho ni yale yale, ya kukukagua kama mtihani ulioacha swali wazi.

Akatengeneza chai mwenyewe, chungu kama dawa. Nikainywa.

"Umekuja kuniuliza au kuniambia?"

"Nimekuja kukuomba, Mwalimu. Uwe mchambuzi wa Miriam Gil."

"Maombi yana jibu la hapana ndani yake."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nikisema hapana, utauondoa utafiti wake?"

"Hapana, Mwalimu. Nitatafuta mchambuzi mwingine."

Akaligeukia daraja. Nikadhani hasira. Sijui ilikuwa nini.

"Kakosea wapi, huyo binti?"

"Sijaona."

"Umetafuta?"

"Nimetafuta sana."

"Katafute tena." Akaipokea nakala ya utafiti niliyomletea, akaiweka mezani, akaiwekea kikombe cha chai juu yake kama kisahani. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Akaniuliza kama kwetu Ohio, ninakofundisha, bado kuna baridi.

Mlangoni niliinama mpaka mgongo ukauma.

Jumatano, 16 Mei. Flushing

Kwa mama. Kanipikia mchuzi wa maharagwe na samaki, akanikaripia kwa kukonda, ingawa sijakonda. Nikamweleza yote nikidhani atafurahi. Kwani si yeye aliyekuwemo humo ndani? Si yeye aliyesimama kwenye pasi ya mvuke tangu sijaanza shule?

Akaweka kijiko chini.

"Nani kakwambia nilifanya kazi bila mshahara?"

"Mama, hukuwa na mshahara."

"Kibarua ndiye anayengoja mshahara! Mimi lilikuwa duka langu. Baba yako alikuwa anajua Kiingereza na kusalimia wateja. Duka langu lile! Huyo binti anataka kunifanya mtumwa wa mume wangu, halafu eti ananitetea?"

Shahada zote hizi, nikaishia kujipakulia mchuzi tena.

Kisha akaniuliza huyo binti ana kazi ya kudumu. Nikasema bado, mwakani ndiyo wataamua juu yake.

"Na wewe unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi ujasiri wako, mwanangu, unaufanyia kwenye shingo ya mwenzako."

Akaendelea kula.

Jumapili, 24 Juni. Indiana

Jana Miriam kaandika: anaomba kuuondoa utafiti. Mistari miwili tu, adabu tupu. Leo nikawasha gari nikaenda. Mahindi kushoto, mahindi kulia, mpaka nikaanza kuongea na nafsi yangu.

Anakaa kijumba cha matofali karibu na chuo. Ana mtoto mchanga! Sikujua. Mtoto begani, kompyuta juu ya mashine ya kufulia. Akaniomba radhi kwa fujo, akanikaribisha chai ya shayiri.

Akanieleza. Mkuu wake wa idara kampa majina ya watakaoombwa maoni juu yake kabla ya kazi ya kudumu. Wengi ni watu wa Umoja, watu wa Mwalimu.

"Hakuna aliyenitisha, Profesa. Wala hawana haja ya kunitisha."

"Naelewa."

"Samahani, sidhani unaelewa." Akasema hivyo bila ukali, akimpigapiga mtoto mgongoni. "Ukishindwa wewe, utaitwa rais aliyethubutu. Nikishindwa mimi, nahama mji."

Ni maneno ya mama, kwa mdomo mwingine. Nikamwambia hivyo. Nikamweleza na lile la duka, "lilikuwa duka langu", na hasira ya kijiko. Nilidhani ataudhika. Akaacha kumbembeleza mtoto.

"Alisema duka langu?"

"Kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani."

Akakaa chini sakafuni, mtoto mapajani, akacheka, halafu akafuta macho. Mama yake mwenyewe, Baltimore, kila alipoulizwa habari za genge lao la matunda alijibu tu: tulichoka. Hakuwahi kusema lilikuwa la nani. Miriam akasema neno "bila mshahara" ni sahihi kwenye takwimu na si sahihi kwenye maisha, na kwamba lazima aiandike upya sehemu nzima, na tayari alikuwa anaangaza huku na huko akitafuta kalamu.

Nikamwambia: ukiutoa, nitaelewa na sitakulaumu. Ukiuacha, nitakaa mezani pamoja nawe, na barua ya maoni nitakuandikia mimi kwanza, kwa jina langu kamili.

Akanitazama sana.

"Nitauacha. Kwa sharti moja, Dada. Usinifanye bendera yako. Hakuna tangazo la vita kwenye jarida la Umoja, hakuna hotuba. Ni utafiti tu. Ujadiliwe kama utafiti."

Nimekubali. Kaniita Dada! Nimerudi Columbus nikiimba nyimbo za kanisani, na siku hizi hata kanisani siendi.

Alhamisi, 9 Agosti. Seoul

Mkutano wa kiangazi na wenzetu wa huku. Joto la kuyeyusha viatu. Wanauchumi wa Seoul hawaelewi tunagombea nini. Mmoja aliniuliza kwa upole kama ni kweli Wakorea wa Marekani wanapigana kwa sababu ya magenge ya matunda. Nikasema ndiyo. Akanijazia sahani.

Jioni Kaka Bang akashika kipaza sauti. Uso mwekundu, tai imelegea. "Tumpongeze rais wetu! Tulimwomba mkahawa, katuletea vita!" Kicheko mezani kote. Hata mimi nilicheka, maana anajua kuchekesha, mshenzi huyu.

Ikabidi nijibu. Nikasema mkahawa nao nimeuchagua, na Kaka Bang amewekewa nafasi karibu na vyoo, watu wengi hupita. Wakapiga meza! Yeye akainua glasi kuniashiria. Kwa nukta moja tulikuwa tena wanafunzi wawili wa Mwalimu, tukigawana tambi za kuchemsha.

Kisha akaishusha glasi bila kunywa.

Jumatatu, 24 Septemba

Chuseok, sikukuu yetu ya mavuno. Mwezi mpevu, mikate ya mchele, simu kwa mama. Kwa Mwalimu nimepeleka salamu na pea. Kajibu asante kwa pea.

Juu ya Miriam, hakuna neno. Miezi inapita. Ratiba lazima itoke mwezi ujao. Nimeandika: mchambuzi atatajwa.

Ijumaa, 19 Oktoba

Ratiba imetoka, na waraka umetoka mgongoni mwake. Wanachama wengi wametia sahihi, wanamwomba rais "afikirie upya kwa heshima ya mwasisi". Nimesoma majina yote. Baadhi niliwaandikia barua za kazi. Sawa.

Nikampigia Kaka Bang mwenyewe. Sikutaka tuzungumze kwa nyaraka.

"Umeshinda kamati," akasema, "sasa unataka nini, tukupigie na makofi?"

"Nataka kujua unachokiogopa. Kitabu kitabaki maktaba, hakuna anayekichoma."

Akapumua kwa kishindo. Mzaha ukamtoka wote, nikasikia sauti ya mtu aliyechoka.

"Mimi ndiye ninayempeleka hospitali, Sun-ae. Kila mwezi. Moyo wake mbovu. Daktari anasema asihangaishwe. Wewe unaona kitabu. Mimi namwona mzee anashuka ngazi anahesabu pumzi. Akianguka pale mbele ya watu, kitabu chake kinararuliwa, utaandika nini kwenye jarida?"

Hii ni mara ya kwanza kuniita kwa jina langu tangu tujuane.

Nimekaa sebuleni na koti langu mwilini. Kama ni kweli, na ni kweli, basi nina haki gani? Lakini pia: nani kampa Kaka Bang, au mimi, haki ya kuamua mzee huyu anaweza kusikia nini? Sisi tunamfanya kama kiti kile cha Philadelphia. Tunakiinamia na hakuna mtu.

Nimemwandikia Mwalimu. Nimeweka wazi: Kaka Bang kaniambia habari za moyo wako. Nikisikia kutoka kwako wewe kwamba ni hatari, nitauhamisha utafiti mwaka mwingine, na lawama nitaibeba mimi. Kutoka kwako wewe tu.

Huku si kurudi nyuma. Nadhani si kurudi nyuma.

Jumamosi, 17 Novemba

Siku nzima ya usaili wa majaribio kwa wanafunzi wanaotafuta kazi. Hii ndiyo sehemu ya Umoja ninayoipenda. Wameketi mbele ya kamera, juu suti, chini bila shaka pajama. Kijana mmoja wa Texas alijibu maswali yote vizuri, kisha akauliza kama aliweke jina la Umoja kwenye wasifu wake au litamfanya aonekane wa kabila. Nikamwambia aulize tena baada ya Atlanta.

Nilipofunga kompyuta nikakuta jibu la Mwalimu. Mwezi mzima amelikalia! Nanakili lote:

"Moyo ni wangu. Nitakuja. Mwambie Bang aache kunifundisha kushuka ngazi."

Nimeruka! Mwanamke wa umri wangu, nimeruka sebuleni, jirani wa chini kagonga dari. Halafu nikakaa, kwa sababu hakusema atakuja kusema nini.

Nikamwarifu Miriam. Kajibu tusi la neno moja, ambalo silinakili, na yeye ni binti wa kanisa.

Alhamisi, 3 Januari. Atlanta

Mvua, si theluji. Tetesi za lifti: Kaka Bang aliandaa kifungua kinywa cha wazee Jumamosi, saa ile ile ya kikao chetu, ili ukumbi ubaki mtupu. Uji wa abaloni, konokono wa bahari wa bei ghali! Anajua udhaifu wa watu.

Alasiri nikawa nimesimama mapokezi nikigawa beji. Mlango ukafunguka, na nani anaingia? Mwalimu Pyo, kofia ya sufu, anatembea kwa miguu yake. Nyuma yake Kaka Bang, mabegi mawili, mwavuli, mfuko wa dawa mdomoni. Wamepanda ndege pamoja kutoka Newark. Kumbe mzee alimwambia: usipokuja, nakwenda peke yangu.

Nikainama. Mwalimu akapokea beji yake, akaisoma, akasema wamekosea herufi ya jina. Kweli wamekosea! Miaka thelathini ya Umoja na tunakosea jina la mwasisi.

Kaka Bang akautoa ule mfuko mdomoni.

"Uji wa Jumamosi umeahirishwa," akasema bila kunitazama. "Mzee kauliza nani atakula uji wakati yeye anafanya kazi."

"Pole, Kaka."

"Usinipe pole. Akianguka, mimi na wewe hatujuani."

Jumamosi, 5 Januari. Atlanta

Asubuhi. Miriam alikuja meza ya chai na suti ya bluu, mtoto kaachiwa bibi yake Indiana. Tukanywa kahawa. Akaniuliza kama amsalimie Mwalimu kabla au baada. Nikasema kabla. Akaenda, akainama vizuri kabisa. Mzee akamwambia asimame wima, ataharibu mgongo na atauhitaji.

Naandika haya nikiwa meza ya mwenyekiti. Watu wanadhani nachukua kumbukumbu. Ukumbi umejaa! Wamesimama hadi mlangoni, wengine wa vyama vingine kabisa. Waliotia sahihi ule waraka wapo, safu ya pili, wamekunja mikono.

Miriam amesoma vizuri. Alianza haraka, akajikamata, akapunguza. Neno "bila mshahara" limeondoka. Badala yake "wamiliki wasioandikwa". Alipotaja pasi za mvuke na masanduku ya nanasi nikaona vichwa vinainama, si kwa heshima ya mtu yeyote, ni kila mmoja na lake.

Sasa Mwalimu. Amekataa mkono wa Kaka Bang, amepanda jukwaani mwenyewe. Ana karatasi. Ameanza kwa Kiingereza, akasoma sentensi mbili. Akaikunja karatasi, anasema Kikorea.

Anasema: mwaka ule nilizunguka na maswali yangu duka kwa duka. Nilimuuliza mwanamume. Mwanamke alikuwa pale pale, anapanga pilipili. Sikumuuliza. Wala mke wangu mwenyewe, aliyekuwa na duka Newark nikisomea shahada yangu ya uzamivu, sikumuuliza.

Yule wa gofu anafuta miwani.

Nilidhani ataishia hapo. Sote tulitaka aishie hapo! Tupige makofi, tulie kidogo, twende kula. Lakini kageuka upande wa Miriam, sauti imepata chuma kile cha darasani.

"Sasa, makosa ya Bi Gil. Ni matatu."

Kicheko, kisha mshtuko. Hatanii. La kwanza: maduka yaliyokufa kabla ya kuhesabiwa hayamo humu, huenda yalijaa wanawake vile vile. Mungu wangu — ni kweli. Sikuliona. Nilitafuta mara zote zile! Miriam anaandika mbio, mashavu mekundu, lakini hajavunjika. Hapana. Amekaa ukingoni mwa kiti kama anayengoja filimbi.

La pili, la kodi za pango. Hilo ana jibu nalo, naliona usoni mwake.

Mzee amechangamka. Rangi imemrudi. Kaka Bang kashika mfuko wa dawa kwa mikono miwili na anatabasamu bila kujijua.

La tatu — lakini sasa ameingia hadithi ya Newark, bei ya kabichi, jamaa mmoja wa Busan. Muda wake umekwisha. Kijitaa changu cha kuhesabu muda kimewaka. Anakula muda wa Miriam wa kujibu, na baada yetu ukumbi una wenyewe, wamekwisha kujazana mlangoni.

Hakuna aliyewahi kumwambia Mwalimu Pyo kwamba muda umekwisha. Hakuna. Si mkuu wa chuo, si waziri. Akisema, tunangoja.

Kaka Bang kageuka kunitazama. Anatikisa kichwa: mwache. Safu ya pili yote inanitazama. Mwache, leo tu. Na ningependa kumwacha, naapa, ningemsikiliza mpaka magharibi.

Miriam hatazami jukwaani. Ananitazama mimi. Ameinua kalamu, kidogo tu, usawa wa bega.

Ni utafiti. Ujadiliwe kama utafiti.

Nimevuta kipaza sauti. Mwalimu kaona, hajanyamaza. Naweka kalamu chini, nasimama kumwambia Mwalimu kwamba muda umekwisha —